Karani wa kijiji kanirudishia fomu ya ploti

Mama Zuu, Lincolnshire:
Jamani wa Uingereza, habari za wiki. Niliomba ploti ya kijiji nilime mchicha. Fomu nimempelekea karani wa baraza la parishi, jana imerudi na kikaratasi cha njano juu yake: nilete nakala ya BRP, ile kadi ya kibali cha ukaazi, kuthibitisha naishi hapa. BRP ipi tena, si zilikufa 31 Desemba 2024? Mie nina eVisa, kibali cha mtandaoni. Nimpe share code, ile namba ya kumwonyesha mtu kibali changu mtandaoni, au bili ya kodi ya halmashauri inatosha? Na ploti za kulimia zinawahusu nini watu wa parishi, mie Mwislamu?

Mzee wa Reading:
Mama Zuu, salaam. Parishi siyo kanisa, ila ilikuwa kanisa. Zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa na kikao cha waumini: nani atengeneze barabara, maskini walishwe kwa kodi ipi. Sheria ya maskini ya 1601 iliwatwisha mzigo huo. Mwaka 1894 Bunge likawapokonya shughuli za kiserikali na kuunda mabaraza ya kuchaguliwa, jina likabaki lilelile. Tena sheria hiyo iliruhusu wanawake kugombea, hata walioolewa, na kura ya Bunge waliisubiri hadi 1918. Watu hawaisemi hii.

Dada wa Leicester:
Mzee, ameuliza BRP wewe unampa 1601. Mimi benki ilinidai BRP huku share code ninayo kwenye simu. Nimekaa pale kaunta saa nzima, mtoto analia, mpaka nami nikalia, ndipo meneja akatoka. Mama Zuu, mshtaki huyo karani kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, yule mpokea malalamiko, atanyooka.

Baba Ally, Devon:
Dada, usimpotoshe mwenzio. Ombudsman hashughuliki na parishi. Mimi nilimwandikia, nikangoja miezi, nikajibiwa mistari mitatu. Mama Zuu, kuna sheria ya ploti ya 1908, kifungu cha 23. Watu 6 wa kijijini, wapiga kura au walipa kodi ya halmashauri, wakiandika barua kwamba ploti zinatakiwa, baraza halina ruhusa ya kuitia kapuni. Litaizingatia, na likiona uhitaji upo, kutoa ni wajibu wake.
Halafu nenda kikaoni. Ajenda hubandikwa siku 3 kabla, kwetu iko kwenye sanduku la kioo pale kituo cha basi, kioo chenyewe kina ukungu mpaka ukifute kwa mkono wa koti. Nilikuta madiwani 5, karani, mbwa mmoja chini ya meza, na mimi. Dakika 40 zikaishia kwenye pipa la kinyesi cha mbwa. Madiwani wale hawana mshahara, kwa hiyo usiingie na ukali.

Mtu wa Bukavu, Sheffield:
Wapiga kura sita atawatoa wapi? Siye ba-Congo hatuna kura huku. Kura ni ya ninyi watu wa Commonwealth, Tanzania, Kenya, Uganda.

Baba Ally, Devon:
Ndugu, soma mpaka mwisho wa sentensi. Nimeandika "au walipa kodi". Wewe hulipi?

Mtu wa Bukavu, Sheffield:
Nalipa! Na inapanda kila Aprili!

Mkenya wa Norfolk:
Yenu inapanda hasa kwa sababu ya halmashauri ya jiji. Ya parishi ni kile kifungu kidogo mwisho wa bili, wanakiita precept. Sisi hata baraza hatuna, kijiji ni kidogo mno. Ni mkutano wa wapiga kura wote wa kijiji, angalau mara mbili kwa mwaka. Kama baraza la chifu, toa chifu.

Mzee wa Reading:
Hiyo ni mkutano mkuu wa kijiji kabisa! Kwetu tulikaa chini ya mwembe, mtendaji akisoma mapato na matumizi, na bibi mmoja hakuondoka mpaka aambiwe pesa za kisima ziko wapi. Sasa hivi mwenyekiti anapita bila kupingwa. Mliona Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania, wagombea wangapi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu?

Dada wa Leicester:
Mzee, tusianze.

Mzee wa Reading:
Nimetaja fomu tu. Si mada ni fomu?

Mama Zuu, Lincolnshire:
Asanteni, wa kusaini nina wanne tayari, jirani yangu Mpolandi naye kakubali. Lakini karani kasema nirudishe fomu kabla ya Ijumaa. Share code au bili?

Mkenya wa Norfolk:
Mbegu za mchicha unazitoa wapi? Za dukani hapa zinatoa maua kabla ya majani.

Dada wa Leicester:
Ninazo za Tanga, mama kanitumia kwenye pakiti ya majani ya chai. Nani anazitaka?

Mtu wa Bukavu, Sheffield:
Mimi. Siye huo mchicha tunauita lengalenga.