Tupeane uzoefu: ni kitabu gani cha utengenezaji wa filamu kilichokufaa kazini, na ulijuaje kwamba kinafaa?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Vijana wanaoanza kazi huniuliza mara kwa mara wanunue kitabu gani cha filamu, nami sipendi kumtajia mtu jina la kitabu ilhali fedha yake ni ya kuungaunga. Ombi langu ni kwamba kila mmoja aeleze alichokisoma, alivyokifanyia kazi na kilichotokea. Naanza mimi.

Nilipokuwa mgeni wa kamera nilikuwa na kitabu kimoja cha Marekani kilichoelekeza kwamba ukiwa ndani ya nyumba shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/60 ya sekunde, nami nikakifuata neno kwa neno. Tukarekodi mahojiano katika ofisi moja Kariakoo, chini ya taa ndefu za mirija, na jioni nilipofungua picha kwenye kompyuta nikakuta mawimbi ya giza yakipanda polepole usoni mwa mzee wa watu, kutoka kidevuni hadi kwenye paji, tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Mwandishi hakukosea. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, na wetu ni wa hezi 50; taa za namna ile hung'aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo huku kwetu ni mara 100 kwa sekunde, na shata inayopatana nazo ni 1/50 au 1/100. Maelezo hayo yangetosha katika mstari mmoja, lakini aliyekiandika hakuwahi kuuhitaji mstari huo. Tangu hapo, kila ninaposhika kitabu cha ufundi, kwanza natafuta kujua mwandishi alikuwa amesimama wapi alipojifunza hayo anayotufundisha. Mzee tulimrudia kumwomba radhi, na Mungu ambariki, alikaa tena akasimulia yote upya.

Mpiga picha, Zanzibar

Naunga mkono, na naongeza suala la ngozi. Vitabu vingi vya zamani vya kupima mwanga vinasema ukishapima uso wa mtu uongeze hatua moja, yaani mwanga mara mbili, kwa kuwa vinachukulia kwamba uso huo ni wa Mzungu, ambao hurudisha mwanga mwingi kuliko ile kadi ya kijivu ya kupimia mwanga, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Nilifanya hivyo harusini kwa bwana harusi mweusi, na kanzu yake nyeupe ikaungua yote, darizi ya kifuani isionekane. Hata hivyo kitabu sikukitupa, maana sura yake ya kadi ya kijivu ndiyo iliyonisaidia kulielewa kosa lenyewe.

Mhariri, Nairobi

Kilichonifaa mimi ni kitabu kidogo cha Walter Murch, mmoja wa wahariri wa filamu ya Apocalypse Now, kilichotokana na mhadhara alioutoa Australia mwaka 1988. Anataja mambo sita ya kuangalia unapokata picha: hisia anaipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na mengine yanafuata hadi kwenye mwendelezo wa nafasi, yaani watu na vitu kubaki mahali pale pale kutoka picha moja hadi nyingine, ambao mimi nilifundishwa kuutanguliza, naye anaupa 4 tu. Mwanzoni namba hizo zilinikera, kwani sioni mizani ya kupimia hisia. Nilikuja kuzielewa nilipokuwa nahariri onyesho la mama anayepigiwa simu ya msiba. Katika picha aliyolia kwa ukweli zaidi, kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, na katika picha iliyotangulia kilikuwa mkono wa kulia. Siku mbili nzima nilikuwa naiondoa na kuirudisha. Mwishowe nikaona kwamba Murch hanipi vipimo, bali ananipa utaratibu wa nini kiachwe kwanza inapolazimu kupoteza kitu, nikaibakiza picha ya machozi. Tulipoionyesha kwa watu, hakuna aliyekiulizia kikombe.

Mwalimu, Morogoro

Mimi nasimama na kitabu cha mazungumzo ya waongozaji wa filamu François Truffaut na Alfred Hitchcock, yaliyofanyika mwaka 1962 na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1966. Zipo kurasa ambazo wawili hao wanasifiana tu, na hizo mtu anaweza kuzipita. Lakini wanapofika kwenye glasi ya maziwa katika Suspicion, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1941, Hitchcock anaeleza kwamba alitia taa ndani ya maziwa yenyewe, ili mwigizaji Cary Grant anapopanda ngazi akiwa ameibeba, macho ya watazamaji yabaki kwenye ile glasi. Katika maneno machache nimepata alichokitaka, alichokifanya na sababu yake, na katika vitabu vingi vya nadharia nilivyosoma sijapata vyote vitatu kwa pamoja.

Nilijaribu na wanafunzi wangu. Tulichukua kitaa cha tochi, tukakifunga kwenye nailoni, tukakizamisha katika glasi ya maziwa, na hatukuona tofauti yoyote. Binti mmoja akasema taa ya ukumbini inaimeza ile ya ndani, akaenda kuizima, na hapo maziwa yakawaka gizani, vidole vya aliyeyabeba vikionekana kwa wekundu pembezoni. Kijana akiniuliza anunue kipi, namtajia hicho, na namwambia asikifungue kabla hajaipata filamu inayozungumzwa.