Wakuu msaada: kebo ya 11 kV ina hitilafu, TDR (kipima umbali kwa mwangwi wa umeme) inasema mita 640 ila sisikii mlio

KeboZaChini
Habari wakuu. Kebo ya XLPE (insulesheni ya plastiki), kore tatu za alumini mm² 185, mita 1,240 kwenye mchoro, inatoka sabstesheni hadi kiwandani. Brekara ilikata kwa ethi folti (umeme kuvujia ardhini). Kwenye TDR nimeweka V/2 (nusu ya kasi ya mpigo ndani ya kebo, mita kwa mikrosekunde) 86, naona kimlima mita 640. Nimeipiga shoki (mipigo ya volti kubwa ili hitilafu ilie) ya kV 8 kwa dakika 40, maikrofoni ya ardhini kimya. Nipandishe hadi 32?

Ethi_Kwanza
Usipandishe. Mashine yako ni ile ya jouli 2,000 yenye renji za 8, 16 na 32? Kapasita zake ni mikrofaradi 64, 16 na 4. Ukiwa kwenye renji ya 32 ukachaji kV 8 tu, unatuma nusu ya 4 × 8 × 8, yaani jouli 128. Renji ya 8 ingekupa 2,048. Mlio wa jouli 128 hauvuki udongo wa sentimita 80.

KeboZaChini
Ni hiyo hiyo, na nilikuwa renji ya 32.

MzeeWaJointi
Vijana, XLPE si kebo ya karatasi na mafuta. Iliyozeeka ukiisukumia DC kubwa, chaji hunasa ndani ya plastiki, na umeme ukirudi inapasuka palipokuwa pazima. Ukishatengeneza, pima kwa VLF (AC ya masafa ya chini sana) ya 0.1 Hz.

KeboZaChini
Shikamoo mzee. Nimekusikia, lakini shida yangu ni kujua hitilafu iko wapi.

MzeeWaJointi
Marahaba. Ndiyo maana nasema usiipige dakika 40.

Ethi_Kwanza
Megga (kipima insulesheni) inasomaje? Hujaandika.

KeboZaChini
Kwa kV 5, L1, L2 na L3 kwa ethi zote MΩ 0.4. Fazi kwa fazi sifuri. Ila bekho limeshalipiwa, linachimba 640 kesho saa moja asubuhi.

Mpitanjia33
Uzi wa kutunga huu. Hitilafu gani inazipa fazi tatu MΩ 0.4 sawasawa? Kore moja huungua zaidi ya wenzake, siku zote. Namba hizi zimeandikwa mezani.

Ethi_Kwanza
Mpitanjia, umeona jambo sahihi, ila hazijatungwa. Fazi zimeungana mahali fulani, na mbovu inazichafua nzima. KeboZaChini, upande wa kiwanda umefunguliwa?

KeboZaChini
Hapana. Mwenye ufunguo wa swichi hayupo hadi kesho. Brekara ya volti ndogo imefunguliwa, transfoma haina mzigo, nikaona haidhuru.

Binti_Swichigia
Inadhuru sana, kaka. Umepiga shoki ndani ya koili za transfoma, na shoki hiyo hupita hadi upande wa volti ndogo. Kiwanda kikiwa na jenereta, mtu akakosea swichi, umeme unarudi ulipo wewe. Zima mashine sasa, weka ethi, na usiiguse kebo mpaka ncha ya pili ifunguliwe, ifungwe kufuli na iwe na mtu wa kuilinda.

Ethi_Kwanza
Delta ya transfoma (koili zilizofungwa pembetatu) ndiyo imeziunganisha fazi. Na 640 si hitilafu. TDR ya volti ndogo haioni hitilafu ya MΩ 0.4, inaona iliyo chini ya omu mia mbili hivi, au waya uliokatika. Ncha ya kebo inaonekana mita ngapi?

KeboZaChini
1,333.

Ethi_Kwanza
Basi V/2 yako ni 80, si 86: 1,240 ÷ 1,333 × 86. Kimlima chako kiko mita 595, na kama madramu yalikuwa ya mita 300, hiyo ni jointi ya pili. Ahirisha bekho.

Ukishafungua kiwandani, rudia megga. Ethi ya usalama iwe ya kwanza kufungwa na ya mwisho kutolewa. Waya wa kurudia uubane kwenye skrini ya kebo yenyewe, na skrini iwe na ethi hapo hapo; ikiachwa wazi, bodi ya mashine inapanda volti. Chagua renji ya 16, panda polepole mpaka ivunjike, yaani cheche iruke kwenye hitilafu. Ikivunjika kwenye 12, una jouli 1,152, zinatosha. Tumia ARM (TDR inayosoma cheche ikiwa inawaka): chukua mchoro wa kwanza wa TDR bila shoki, kisha piga mara moja. Cheche huonekana kama shoti, na hitilafu iko pale michoro miwili inapoachana.

KeboZaChini (kesho yake)
Imefunguliwa. L1 0.4, L2 na L3 zinapita GΩ 5. Imevunjika kV 11. Michoro inaachana mita 1,018.

Mpitanjia33
Hizo sasa ni namba za kebo. Samahani, mkuu.

Ethi_Kwanza
Tembea toka 1,000 hadi 1,040 juu ya njia ya kebo, shoki moja kila sekunde 5. Usifuate mlio mkubwa tu: kebo ikipita kwenye bomba, mlio hutokea kwenye midomo ya bomba. Fuata muda kati ya mpigo wa sumaku na sauti, unaoonyeshwa na kipokezi cha maikrofoni. Namba inapoacha kushuka na kuanza kupanda, rudi hatua moja, weka kigingi.

KeboZaChini
Kigingi kipo mita 1,011. Kebo ina ethi ncha zote mbili, vibarua wanachimba kwa koleo.