Prep ya tembe imenichosha, nihamie sindano ama?

kayamba_22: Wasee habari zenu. Nina 22, nasoma hapa Mombasa, napenda wanaume (na mabinti mara moja moja, msinianzie vita). Nameza prep (dawa ya kujikinga usiambukizwe HIV) toka mwaka jana na mwili hauna shida, kichefuchefu cha wiki ya kwanza tu. Shida ni mkebe. Unalia cheke cheke kwa begi na ni kama wa ARV kabisa, juzi kakangu ninayeishi naye kaisogeza begi akauliza hizo dawa za nini, nikasema za aleji. Sasa nimeujaza pamba usilie, lakini nimechoka kujificha mpaka nimeanza kuruka siku. Nyinyi mnatumia nini?

mzee_kijana: Mdogo wangu pole. Kama huonani na mtu kila wiki, kuna mtindo wa 2+1+1: tembe mbili kwa pamoja masaa 2 hadi 24 kabla ya kulala na mtu, moja masaa 24 baada ya hizo mbili, ya mwisho tena baada ya 24. Ila ukiwa na homa ya ini B usijaribu bila daktari.

Tulia_Basi: Hiyo mimi ilinishinda, nani anajua kesho jioni atapigiwa simu na nani 😂 Nilienda sindano ya matako, mbili za mwanzo zinapishana mwezi halafu kila miezi miwili. Ya kwanza siku mbili nilikaa kwa boda kiupande. Lakini hakuna mkebe hakuna maswali. Tu usiipige halafu upotee, dawa inaisha mwilini polepole sana, ukiacha urudi kwa tembe.

chai_ya_rangi: Ngojeni lenacapavir jameni, sindano mpya ya prep, mara mbili kwa mwaka, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo. Marekani waliipitisha Juni 2025, WHO wakaipendekeza Julai. Kwa utafiti uliohusisha wanaume kama sisi, kati ya 2,179 waliochomwa, walioambukizwa ni wawili. Inaacha kinundu, hakionekani mpaka ukipapase. Uliza kliniki yako kama wanayo.

Tulia_Basi: Kungoja si kinga bana.

nesi_wa_usiku: Mbona hamjamuuliza la maana? Kayamba, siku ulizoruka ulilala na mtu bila kondomu? Kama hazijapita masaa 72 kimbia leo ukachukue pep, dawa ya dharura ya kuzuia HIV baada ya tendo, ya siku 28.

kayamba_22: Mara moja, ni wiki mbili sasa 😔

nesi_wa_usiku: Basi pep imepitwa. Nenda upime, uwaambie tarehe yenyewe, watakupangia na kipimo cha kurudia. Hakuna atakayekuchoma sindano kabla ya hapo. Pima na kaswende na kisonono, prep haizigusi hizo. Kwa sasa kondomu na jeli ya maji, mafuta ya kujipaka yanapasua mpira.

kayamba_22: Nimepiga simu, nimepewa Alhamisi saa tatu asubuhi. Kaka nimemwambia naenda kwa daktari wa aleji, sasa anataka kunisindikiza 🤦🏾

mzee_kijana: 😂😂 Mwambie ni daktari wa bawasiri, atabaki nyumbani.