Mjadala: Komba ndani ya nyumba, ni mapenzi au mateso?

MwanaGungu: Wadau, jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, kamnunulia binti yake mtoto wa komba, kale kanyama ka usiku kanakoruka mitini. Mchana kalala kwenye boksi la viatu, anaamshwa achezewe. Usiku analia kama kichanga, mtaa mzima macho. Chakula chake mkate na chai ya maziwa. Hii ni haki?

Kasulu_Mjini: Mwacheni mtoto afurahi. Sisi tumekua na nguchiro ndani, nyoka hakusogea uani.

Daktari wa Mifugo TBR: Furaha ya nani? Porini komba hula wadudu, matunda na utomvu wa migunga. Kwa mkate na chai anakosa madini ya chokaa, mifupa inalegea. Nimeletewa mmoja hapa Tabora, miguu imepinda, hawezi kupanda hata kiti, na komba wa aina hii ndogo huruka mita 2 kwenda juu! Tena hujikojolea viganja makusudi ili aache harufu anapopita. Huwezi kumfundisha aache. Binti akitaka mnyama mdogo, apewe simbilisi, kale ka kufugwa kama panya mnono asiye na mkia.

Kibirizi Halisi: Simbilisi? Hicho si kitoweo?

Mama Wawili: Wanangu wana simbilisi wawili, na majina wamewapa. Ukija kwangu na kisu tutavunjiana heshima.

Kibirizi Halisi: Ndiyo maana watoto wa siku hizi hata kuku hawawezi kuchinja.

Mama Wawili: Wangu anadamka kuwakatia majani kabla ya shule. Wako anadamka kufanya nini?

Kibirizi Halisi: Dada, watoto wangu usiwaingize humu.

Daktari wa Mifugo TBR: Huyo wa majani kafanya la maana. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, sawa na wetu. Mlishe pumba tupu uone viungo vinavyovimba na fizi kutoka damu. Na asikae peke yake, ni mnyama wa kundi.

Mzee wa Ujiji: Turudi kwa komba. Sheria ya wanyamapori ya 1974 inakataza kufuga bila kibali.

Kasulu_Mjini: Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo ilishafutwa. Inayotumika ni ya 2009.

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Na hiyo ya 2009 inaruhusu?

Kasulu_Mjini: Bila kibali hairuhusu.

Mzee wa Ujiji: Basi na nguchiro wako yumo humo humo.

Kasulu_Mjini: Nguchiro alikuwa wa marehemu babu! Mnamtafutia kesi kaburini?

MwanaGungu: Jamani, jioni hii komba kamng'ata binti kidole. Mama yake kapaka mafuta ya taa.

Daktari wa Mifugo TBR: Aoshe sasa hivi! Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha hospitali leo leo, waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina lisiwadanganye, mnyama yeyote wa jamii ya wanaonyonyesha, dume au jike, anaweza kuwa nacho, na dalili zikishatokea haponi mtu. Komba msimuue wala msimtupe porini, hajafundishwa kujitafutia. Pigieni ofisi ya wanyamapori.

MwanaGungu: Baba mtu anaogopa kukamatwa.

Mama Wawili: Amuogope Mungu, mtoto kang'atwa! Bodaboda nalipa mimi, mwambie atoke na binti sasa hivi.

Kibirizi Halisi: Dada, nusu nachangia mimi.