Bango la saluni limepigwa X na ada nimelipa, nifanyeje?

Mama Misuko
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana nimepewa siku 7 na 2 zimeshakatika. Nina saluni Sinza, Dar, fremu (chumba cha biashara) ipo hatua chache toka barabarani. Mwezi wa tatu nikatengenezesha bango la miguu miwili, skwea paipu, zege chini, fleksi (lile turubai la plastiki lililochapwa) ina picha ya dada kasuka na namba ya simu, fundi akanichimbia ng'ambo ya mtaro upande wa lami ili mtu akishuka kwenye bajaji tu alione. Ada ya bango nimelipa halmashauri, risiti nimeilaminisha ipo ukutani pembeni ya leseni. Juzi wamekuja vijana watatu na pikapu, mmoja kashika kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye mguu mmoja wakaniachia karatasi kwamba nilitoe mwenyewe la sivyo watalikata na gharama juu yangu. Nikawakimbizia risiti, mmoja akaniambia dada hiyo sio ya kwetu. Sasa kama sio ya kwao ni ya nani jamani, serikali si moja? Bango lenyewe limenikula hela ya mchezo wa miezi miwili, nimeumia kwa kweli.

Fundi Vibao
Pole sana dada yangu. Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa na kesi kama yako naletewa kila msimu, na nakasirika kwasababu aliyekuchimbia alikuwa anajua au alitakiwa ajue.

Iko hivi, ile uliyolipa halmashauri ni ada ya tangazo, yaani unalipia kujitangaza, wanapiga hesabu kwa ukubwa wa bango na kama lina taa au halina. Lakini ardhi bango liliposimama ni habari nyingine kabisa. Ng'ambo ya mtaro hapo ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na hifadhi ina mwenyewe. Barabara kuu na za mikoa, mfano Morogoro Road au Mandela, ni TANROADS, wakala wa barabara kuu, zile za mitaani na za wilaya ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu ianzishwe 2017. Kwahiyo unaweza ukawa umelipa ada kila mwaka bila kuruka na bango likakatwa kihalali kabisa. Soma kichwa cha hiyo karatasi uliyoachiwa, kitakwambia ni akina nani.

Ushauri wangu usisubiri siku ya 7. Wakija wao wanapitisha grenda kwenye miguu, fremu ya chuma inadondoka na fleksi yake, inachanika, na chuma kinapanda kwenye gari lao. Ukitoa mwenyewe unaokoa karibu kila kitu. Mwambie fundi aanze kufungua fleksi, aiviringishe kwenye bomba la plastiki picha ikiwa nje, asiikunje kama shuka maana pale kwenye mkunjo wino unapasuka na yule dada wa kwenye picha atabaki na mstari usoni. Ndo akate miguu juu kidogo ya zege. Fremu ile ile inafungwa ukutani juu ya mlango kwa boliti, chuma hununui tena.

Babu wa Tabata
Fundi kamaliza, naongezea yaliyonikuta. Mimi nililihamishia langu ukutani nikajua nimepona, kumbe nilivyolihamisha nikaliongeza ukubwa na halmashauri sikuwaambia. Wamekuja na futi, wakapima, wakahesabu pande zote mbili kwasababu lilikuwa limetokeza nje kama bawa, wakahesabu na stika za kwenye kioo. Na ukutani kuna kampuni ilikuja kunipakia rangi zao bure, mi nikafurahi duka limependeza, siku ya kupimwa naulizwa hili tangazo nani analipia, nikakosa jibu. Siku hizi kabla mtu hajagusa ukuta wangu nataka barua inayosema ada analipa yeye.

Binti yangu, ukishahamisha nenda na picha ya bango lilivyo sasa na vipimo, waingize kwenye kumbukumbu zao. Na hakikisha umeenda halmashauri yenyewe, Sinza siku hizi ipo manispaa ya Ubungo, kuna watu bado wanakwenda Kinondoni kwa mazoea. Malipo yoyote dai kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, ukiambiwa weka kwenye simu ya fulani usiweke.

Kijana wa Mandela Rd
Samahani wakuu mi naona kama mnamkatisha tamaa. Mbona yale mabango makubwa ya barabarani yapo humo humo kwenye hifadhi na hayapigwi X? Si aombe kibali na yeye?

Fundi Vibao
Swali zuri mkuu. Yale yana kibali cha mwenye barabara, wanalipia hiyo sehemu kila mwaka na bado wanalipa ada ya halmashauri pembeni. Na kuomba anaruhusiwa yeyote. Lakini kwa saluni ya fremu moja naona mzigo, afu hata ukipewa, barabara ikitaka kupanuliwa unaondoka. Barabara kuu sheria ya 2007 ilisogeza hifadhi toka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukipima toka katikati. Mtaani ni nyembamba ila ipo. Kuna kingine hatukisemi, bango la miguu karibu na lami linamziba anayetoka na gari kwenye kichochoro. Nimeshaona bodaboda kagongwa kwa namna hiyo na bango nililichimba mimi. Tangu siku hiyo ng'ambo ya mtaro sichimbi hata mteja aniongezee hela.

Mama Misuko
Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Nimesoma karatasi vizuri, juu imeandikwa TARURA, kumbe ilikuwa wazi muda wote ni presha tu. Mwenye nyumba nimempigia kakubali nifunge juu ya mlango ila kasema nisitoboe pale bomba la waya wa umeme linapopita, jioni atakuja anionyeshe. Fundi anakuja kesho saa 12 asubuhi kabla wateja hawajaanza. Babu stika za kwenye kioo ninazo 4, mbili ni za mafuta ya nywele nilipewa bure dukani, hizo nazibandua leo leo. Fundi Vibao naomba kuuliza, yale mapande ya zege yakibaki pale chini nayo natakiwa niyang'oe?

Fundi Vibao
Ng'oa dada, au vunja mpaka usawa wa ardhi ufukie. Vile vipande vya chuma vikibaki vimechomoza mtoto atajikata mguu, na karatasi yako nina uhakika inasema uache sehemu kama ilivyokuwa. Piga picha ukimaliza, uitunze na hiyo notisi.