Dadangu ameambiwa saratani ya titi ni "hasi tatu": kemo kwanza au upasuaji?

MwanaKisauni: Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine hamjambo. Dadangu ana miaka 38 na bado ananyonyesha, kwa hivyo uvimbe ulipotokea tukadhani maziwa yameganda. Bayopsi (kipimo cha kinyama cha uvimbe) imerudi: saratani, gredi 3 (ile inayokua kwa kasi), ER hasi, PR hasi, HER2 hasi. Uvimbe ni sentimita 3, na tezi moja ya kwapani imeguswa. Daktari asema ni hatua ya 2, aanze kemo (dawa za kuua seli za saratani) ndipo akatwe. Mamangu ataka akatwe kesho. Shangazi asema kisu kitaisambaza, twende kwa mzee mmoja Kwale. Nami nimekesha kwenye simu nikisoma kwamba aina hii huwaandama wanawake weusi na ndiyo inayoua. Nishaurini, msinifiche.

Nesi_Mstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. ER na PR ni vipokezi vya homoni. Vikiwapo, mgonjwa hupewa vidonge kama tamoksifeni, miaka 5 hata 10. HER2 ni protini inayochochea seli kukua; ikiwa chanya, kuna sindano ya trastuzumabu. Ya dadako haina hata kimoja, basi dawa hizo hazimfai. Lakini hasi tatu si kukosa dawa. Seli zake hugawanyika haraka, na kwa sababu hiyo kemo huzipata vizuri. Kemo ikitangulia, daktari anaona uvimbe unavyoitikia. Wakija kukata wasikute saratani iliyobaki, hiyo ni dalili njema sana; ikibaki, atajua aongeze nini. Mwambie mama kukatwa atakatwa, ni zamu tu imegeuzwa. Hatari ya kurudi ni kubwa miaka 3 ya mwanzo, na akivuka 5 hupungua mno. Zile za homoni ndizo huweza kurudi hata baada ya miaka 15. Mtoto aachishwe ziwa kabla ya kemo.

BabaTuma_Likoni: Huyo mzee wa Kwale alimtibu jirani yangu kwa majani, uvimbe ukaisha. Kemo ni sumu.

BintiKuze: Baba Tuma, huyo jirani alifanyiwa bayopsi? Uvimbe mwingi wa titi si saratani, mwingine huisha bila hata majani. Mimi nilikuwa hasi tatu. Kemo ilininyoa, kucha zikawa nyeusi, harufu ya samaki tu nikitapika. Hiyo miaka 5 nishaivuka. MwanaKisauni, shangazi mheshimu, ila tarehe ya hospitali usimwachie yeye.

Mdadisi_Tudor: Hizo takwimu ulizokesha nazo zimechanganya watu. Marekani, wanawake weusi hupata hasi tatu takriban mara 2 kuliko weupe, na Afrika Magharibi iko juu zaidi. Huku mashariki ni pungufu ya huko, na kwa Afrika kwa jumla saratani nyingi za titi zina vipokezi vya homoni. Utafiti mmoja wa 2020, wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ulikuta takriban nusu ya wagonjwa wako hai baada ya miaka 3. Inatisha, lakini wengi walifika hospitali hatua ya 3 au 4. Dadako hayuko huko.

Kitu kimoja ulizeni. Kinyama cha bayopsi kikichelewa kutiwa formalini (maji ya kukihifadhi kisioze), vipokezi huharibika na jibu huweza kutoka hasi la uongo. Maabara huhifadhi kipande kwenye nta, ombeni kisomwe na mtaalamu wa pili. Daktari aambiwe, lakini kemo isiahirishwe kiholela.

Nesi_Mstaafu: Mdadisi yuko sawa. Na msikimbilie Nairobi, Makadara, hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa, kuna kemo na mionzi. SHA yake (bima ya afya ya serikali) ihakikishwe iko hai na kibali kiombwe mapema, watu hukwama hapo kuliko kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa umri wake, muulizeni daktari pia kuhusu kipimo cha hitilafu ya jeni ya BRCA1, ya kurithi, inayoongeza hatari ya saratani ya titi. Hasi tatu huhusiana nayo.

MwanaKisauni: Ahsanteni sana. Mama nimemsomea, amenyamaza, kwake hiyo ni kukubali. Hiyo jeni, na mimi nipimwe? Sisi ni tumbo moja.

Nesi_Mstaafu: Apimwe yeye kwanza. Akikutwa nayo, ndipo zamu yenu, na kaka zenu pia, maana hata wao huirithi na kuipitisha kwa watoto. Wewe titi lako likaguliwe wiki hii, hilo halingoji jeni.