Hivi mapafu yanayooteshwa maabara yanaweza kuonyesha vumbi linatufanya nini?

Msagaji_Tandika
Wakuu habari za humu. Mimi nasaga nafaka huku Tandika, siku ya kazi nyingi vumbi la unga linatanda mpaka kope zinakuwa nyeupe. Mdogo wangu anasoma mambo ya maabara, kaniambia siku hizi wanaotesha nyama ya mapafu ya binadamu halafu wanaiwekea vumbi waone inakuwaje. Sasa hicho kipande kinavutaje hewa wakati hakina kifua? Na panya wamekosa nini? Anayejua anieleweshe, hili linanihusu kabisa.

BintiMaabara
Kaka ni kweli, ila sio pafu zima. Wanachukua seli za njia ya hewa za mtu wanazipanda juu ya utando wenye vitundu vidogo mno, zikishashikana wanatoa majimaji ya juu yanabaki ya chini tu, yaani juu zinagusa hewa chini zinakula. Hiyo hewa ndo inazikomaza, baada ya kama wiki 3 au 4 ukiweka kwenye hadubini unaona vinywele vinapigapiga na ute unasogea wenyewe, inapendeza mno kuiona. Vumbi wanalipuliza lishuke taratibu juu yake, maana ukilikoroga kwenye maji linagandana. Halafu wanapima seli ngapi zimekufa, utando umeanza kuvuja au la, na kemikali za uvimbe kama IL-8.

Mkuu wa Kigamboni
Panya anapumulia pua tu, na matawi ya mapafu yake hayajagawanyika kama yetu, kwa hiyo vumbi linatua kwingine. Na kuhusu kuvuta hewa, mwaka 2010 kina Dan Huh na Donald Ingber wa Harvard walitoa chipu ndogo kama flashi, upande mmoja seli za mapafu, wa pili seli za mishipa ya damu, pampu inavuta utando unatanuka na kurudi. Walipoweka chembe ndogo sana, utando ukitanuka zilipenya zaidi kuliko ukitulia.

Mama Nasri
Sasa mdogo wangu, mimi na jiko la mkaa ni miaka na miaka, kipande cha siku mbili kitajua nini?

BintiMaabara
Dada hapo umegusa penyewe. Kinaweza kuishi miezi wakarudia dozi kidogokidogo, lakini kinachoonekana ni mwanzo wa madhara tu. Wengine wanaotesha seli za wagonjwa wenyewe wa COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia ya hewa. Na Msagaji, unga kwa baadhi ya watu shida yake ni aleji, ambayo inaletwa na kinga ya mwili, sasa kipande cha seli za njia ya hewa peke yake hakina hiyo kinga. Kwako wewe kipimo cha kupuliza hospitali kina maana zaidi. Unabanwa kifua?

Msagaji_Tandika
Nabanwa, jioni hasa. Nikienda kijijini wiki nzima kinaachia.

BintiMaabara
Basi mwambie daktari hivyohivyo, kwamba ukiwa mbali na mashine kinaachia, usiishie kusema una kikohozi.